Redio Iliyongoja Spea

Sogea alikufa Jumanne, na mimi nilikuwa wa mwisho kujua ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilirudi kutoka dukani saa saba mchana kula, hapa kwetu Kabiro, Kawangware, nikamkuta mke wangu Akinyi amekaa kwenye kigoda, fungu la sukuma wiki limelala mapajani nusu limekatwa, kisu kiko sakafuni. Simu ilikuwa mkononi. Nilidhani mmoja wa watoto amepata ajali. "Sogea ameenda," akasema. Nikamwuliza Sogea yupi, na hali tangu nizaliwe sijawahi kusikia mwingine. Akaniangalia kwa muda, kisha akaokota kisu akaendelea kukata ile mboga, polepole, machozi yakitiririka bila yeye kuyafuta. Mimi nina miaka hamsini na kitu, nina wajukuu wawili, kichwa kimeniota mvi na goti la kushoto linanisumbua kila mvua ikikaribia. Nilisimama pale mlangoni nikamwonea marehemu wivu. Nilijiuliza kama siku yangu ikifika kisu kitaanguka.

Kwa wale ambao hawakumpata, Sogea alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Jina lake halisi lilikuwa refu na la heshima, lakini sisi hatukulitumia. Kila mechi aliianza kwa sauti ya mtu anayevuta kigoda akae kando yako: "Msikilizaji, sogea hapa karibu nikuonyeshe." Basi tukamwita Sogea. Miaka ile ya tisini, kabla runinga haijaingia kila chumba, Jumapili alasiri ungeweza kutembea mtaa wetu wa zamani pale Nairobi, kutoka Kambi Muru hadi Laini Saba, usikose hata sentensi moja, kwa sababu karibu kila mlango ulikuwa unatoa sauti ile ile. Watu walienda hata uwanjani na redio. Vijana wa leo hawaniamini nikiwaambia. Mtu anakaa, mchezo uko mbele ya macho yake, na bado ameshikilia redio sikioni ili Sogea amwambie anachokiona. Bao lililofungwa wakati Sogea anakohoa tulilihesabu nusu. Nakiri alikuwa hodari. Imenichukua karibu miaka thelathini kuandika sentensi hiyo.

Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa na kibanda changu cha kutengeneza redio pale Laini Saba, hatua chache kutoka relini. Garimoshi likipita, bisibisi zote zilihama mahali pake mezani. Umeme sikuwa nao. Chuma cha kulehemu nilikipasha moto kwenye jiko la makaa, na betri za wateja, ambazo sisi tuliziita mawe, nilizianika juu ya bati zipate jua na kuongeza siku mbili tatu za uhai. Akinyi alikuja Februari, wiki ile ligi ilipokuwa inaanza, amebeba redio ndani ya leso vile mtu hubeba mtoto. Ilikuwa kubwa, ya mawe manne, na mkono wake wa kubebea ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Uzi wa kuzungusha stesheni ulikuwa umekatika. "Fundi, hii ni ya baba," akasema. "Leo ni Ijumaa. Jumapili ikifika kama haiongei, usinijue." Niliimaliza siku hiyo hiyo, halafu Jumapili nikapiga shati pasi nikaenda kwao kuangalia kama inashika vizuri. Hakuna fundi ambaye hufuata redio nyumbani kwa mteja, na nadhani alijua hivyo aliponifungulia mlango.

Waliishi chumba kimoja, pazia la maua likitenga kitanda cha mzee na kile cha Akinyi, kuta za udongo zimebandikwa kurasa za magazeti. Akinyi alikuwa amezichagua ili picha za mpira ziwe upande wa babake, ingawa hakuziona. Mzee Oloo alikuwa amepoteza macho miaka minne kabla ya hapo. Presha ya macho, aliambiwa, na aliambiwa kumekwisha kuchelewa. Ujanani alikuwa kipa wa timu ya karakana alikofanya kazi, na mikono yake ilikuwa bado mipana, vidole viwili havikunjiki. Nilipewa chai ya maziwa na chapati mbili, nikaanza kusimulia jinsi nilivyoubadilisha ule uzi. Saa kumi ikafika. Akinyi akaongeza sauti, akaketi kwenye mkeka miguuni pa babake, akaegemea kitanda, akafumba macho. "Msikilizaji, sogea hapa karibu nikuonyeshe." Naapa nilimwona akisogea. Mzee akaweka mikono juu ya magoti, na kila mpira ulipopigwa langoni mikono ile iliinuka, kushoto, kulia, juu, kabla Sogea hajamaliza kusema. Mimi niliomba sukari. "Fundi, ngoja," Akinyi akasema bila kufungua macho. Niliingoja sukari dakika arobaini na tano.

Ndivyo nilivyoanza kumwonea wivu mtu ambaye sikuwahi kusalimiana naye. Nilikwenda kila Jumapili, Machi, Aprili, mvua ikipiga bati kwa nguvu nami nikiomba moyoni izidi, imfunike Sogea hata kwa dakika kumi. Nilipeleka omena, nilipeleka nyanya, mara moja nusu kilo ya nyama. Nilijifunza Kijaluo cha kumsalimu mzee. Timu ya watu wa kwetu magharibi ilipocheza na timu ya watu wa kwao ziwani, nilikubali kushindwa kimya kimya. Siku za kazi Akinyi alikuwa mtu mwingine. Alifua nguo za watu huko Kilimani, na akirudi alipitia kibandani kunitania. "Niaje Fundi, leo umeharibu ngapi?" Tulicheka sana. Lakini ile sura ya Jumapili, uso umelegea, midomo imeachana kidogo, sikuwahi kuipata siku ya kazi. Nilimwuliza, "Kwani ukifungua macho hausikii?" Akanijibu, "Baba haoni. Nikiangalia ukuta nitakuwa nimemwacha peke yake." Lilikuwa jibu zuri, lilikuwa la kweli, na mtu mwenye akili angetosheka nalo. Mimi nilienda kwangu nikasimama mbele ya kioo nikajaribu kusema "sogea hapa karibu" mpaka jirani akagonga ukuta akauliza kama niko sawa.

Mwezi wa sita nikapata wazo. Nitampeleka uwanjani, niliwaza, aone mpira wenyewe, na Sogea abaki na wazee redioni. Mzee mwenyewe alituhimiza. "Nendeni. Mkirudi mtaniambia." Tulifuata reli kwa miguu, yeye amevaa rinda la kijani, na kwa mara ya kwanza nilihisi Jumapili ni yangu. Tulikuwa hatujakaa vizuri wakati baba mmoja mwenye kofia kando yetu alipotoa redio ndogo mfukoni. Akinyi akamwomba aisogeze. Mchezo ukaanza, uwanja mzima ukasimama, na huyu msichana, nyasi ziko mbele yake na wachezaji wanatoka jasho kwelikweli, amefumba macho, sikio liko kwenye redio ya mtu baki. "Akinyi, angalia," nikasema. "Baba ataniuliza vile Sogea amesema," akajibu. "Nikiangalia nitachanganya." Nikageuka nikatafuta kibanda cha watangazaji juu jukwaani, nikamwona. Alikuwa mfupi, sweta ya kahawia imechoka viwiko, miwani minene, anatafuna njugu kati ya sentensi na sentensi. Nilifurahi sana. Nikamgusa Akinyi begani. "Yule pale ndiye Sogea mwenyewe. Angalia vile ako." Nilijua akimwona mara moja tu mambo yataisha. "Usinionyeshe," akasema, na akaweka kiganja juu ya macho ambayo yalikuwa yamefumbwa tayari.

Agosti niliwakuta wanaandika barua. Mzee alikuwa anasema, Akinyi anaandika, daftari liko juu ya debe la maji. Nilipoingia mzee akanyamaza na Akinyi akafunika ukurasa kwa mkono. "Ni ya nani?" nikauliza. "Ya Sogea." Nikauliza wanamwambia nini. Mzee akacheka. "Mambo ya makipa, Fundi. Wewe ni mtu wa waya, hayakuhusu." Alikuwa anatania tu, na siku nyingine ningecheka naye. Lakini nilikuwa nimeiona bahasha, na juu yake jina la yule mtu kwa herufi za duara zilizopangwa vizuri, na chini ya jina Akinyi alikuwa amepiga mstari kwa rula. Mimi nilikuwa nimemjua tangu Februari na hakuwahi kuniandikia hata neno moja kwenye karatasi ya sukari. Nilikunywa chai yangu nikaaga mapema, mechi ikiwa haijaanza, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Mwishoni mwa Septemba redio ikanyamaza. Akinyi aliileta kibandani na leso ile ile. Nikafungua kifuniko cha nyuma nikaona ugonjwa papo hapo: waya mmoja mwembamba wa spika umeachana. Kazi ya dakika tano. Hapa inabidi nieleze jambo la kazi yetu. Fundi yeyote wa Nairobi, awe wa redio, wa viatu au wa makochi, ana siku yake moja, na siku hiyo ni Alhamisi. "Kuja Alhamisi." Alhamisi ikifika, spea haijafika, basi kuja Alhamisi ingine. Mteja anajua ni uongo, fundi anajua mteja anajua, na mwishowe kazi inafanyika na hakuna anayekasirika sana. Nilikuwa nimelisema neno hilo kwa watu wengi bila kufikiri. Siku ile nilifikiri kwanza. Nilimwangalia Akinyi, nikaiona ile bahasha yenye mstari wa rula, nikarudisha kifuniko mahali pake. "Inataka spea," nikasema. "Kuja Alhamisi."

Kwa uongo huo nilipata Jumapili tano. Jirani yao wa kushoto alikuwa na kaseti za rumba tu, wa kulia alikuwa mlokole ambaye hakutaka redio nyumbani kwake, na kinyozi mwenye redio kubwa alikuwa ng'ambo ya mtaro ambao mzee aliwahi kuanguka ndani akaumia kiuno. Kwa hiyo walikaa nyumbani, nami nikakaa nao. Jumapili ya kwanza mzee aliniuliza, "Fundi, hiyo spea inatoka wapi?" Nikasema inatoka River Road, hapo mjini. "Inakuja kwa miguu?" Tulicheka sote watatu. Jumapili ya pili aliuliza tena. Ya tatu hakuuliza, na saa kumi ilipofika aliweka mikono juu ya magoti kama kawaida yake, nayo ikakaa pale bila kuinuka mpaka chai ikapoa. Niliona. Nisidanganye kwamba sikuona. Lakini Akinyi alikuwa ananitazama, macho wazi, ananiuliza habari za kwetu, ananiongezea chapati kabla sijaomba, na mimi nilikuwa nimekuwa mzungumzaji mkubwa katika kile kimya. Jumapili ya nne nilimwambia ninataka kumwoa. Aliniuliza swali moja tu, kama babake ataweza kuishi nasi. Nikasema ndiyo, haraka sana, na akakubali.

Alhamisi iliyofuata Jumapili ya tano alikuja bila leso. "Wacha tu hiyo redio," akasema. "Kesho asubuhi naenda nyumbani na baba. Amesema Nairobi imenyamaza, hajui anakaa huku akifanya nini. Nitarudi akishatulia, ndio unipatie." Redio ilikuwa chini ya meza, imefunikwa gunia, inagusa goti langu. Ningeweza kusema, una bahati, spea imefika leo asubuhi. Nilikuwa nimeshampata, alikuwa ameshakubali, sikuwa na lolote la kupoteza. Lakini niliwaza juu ya safari ile ndefu na siku zile zote kule kwao ziwani, na Jumapili yake, yeye amekaa chini ya paa la babake amefumba macho. Hawakuwa na redio nyingine kule, na nilitaka aende bila yule mtu. Nikamwambia asalimie mzee.

Jumapili iliyofuata ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Nilikuwa peke yangu kibandani, watu wote wamekwenda kwenye redio zao, nami nikaitoa ile ya mzee nikaulehemu ule waya. Kweli dakika tano. Niliwasha kuijaribu na Sogea akajaa mle ndani. Nikamwacha aongee. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza aliposema ana barua, kutoka kwa kipa wa zamani aliyepoteza macho, ambaye amemkataza kutaja jina lake. Kisha akaijibu. Aliijibu kirefu, mpira ukiendelea upande mwingine wa uwanja, mpaka bao likafungwa kule na yeye hakuliona. Nilikaa nimeshika chuma cha kulehemu hadi kikapoa mkononi. Ningeweza kuandika barua kwenda kwao siku ile ile. Ningesema nilisikia kwa kinyozi. Uongo nilikuwa nao wa kutosha. Lakini katika majibu yake Sogea alimtaja Akinyi pia, si kwa jina, ila alimtaja kwa namna ambayo mimi sikuwa nimewahi kufikiria kumtaja, na nikaona siwezi kuyabeba maneno hayo kwa mkono wangu nimpelekee.

Mzee Oloo alifariki Januari, ligi mpya haijaanza. Akinyi aliporudi amekonda aliniambia kwamba babake alikuwa akiuliza karibu kila siku kama Sogea amejibu, naye akimwambia bado. "Mwisho akasema ni mtu mkubwa, hana wakati." Nikampa redio. Akaisikiliza inavyoongea vizuri, akanishukuru. Tulioana, tukahamia Kawangware, na mtoto wetu wa kwanza nilikubali apewe jina la mzee, ndugu zangu wakashangaa mbona nimeruka watu wa kwetu. Akinyi aliendelea kumsikiliza Sogea hadi alipostaafu. Ila mara moja moja, katikati ya mechi, alifungua macho akasema, "Huyu naye baba alimwandikia, hakujibu." Hilo ndilo doa pekee alilompa Sogea miaka yote hiyo. Mimi nililitunza vizuri. Kila alipolisema nilihisi utamu kidogo, halafu nikatoka nje.

Jumamosi baada ya kifo, mashabiki waliokuwa wanamsikiliza Laini Saba walikutana kwenye ukumbi wa kanisa kumkumbuka. Nilimwambia Akinyi goti linaniuma. Akasema basi nibaki. Nikaenda. Alikuwa amevaa rinda la kijani, jingine, si lile. Kulikuwa na viti vya plastiki, chai kwenye chupa kubwa, mandazi kwenye beseni, na watu wa umri wetu wakijaribu kukumbukana sura. Kila mmoja alisimama akasema lake. Mama mmoja alisema alijifungua wakati Sogea anatangaza penalti. Mwingine alisema mumewe hakuwahi kumwambia neno tamu, lakini Jumapili alimsogezea kiti karibu na redio, na hilo lilimtosha. Watu walicheka, wengine walilia. Nilianza hata kuona kwamba niliogopa bure. Kisha akasimama yule kinyozi wa ng'ambo ya mtaro, sasa mzee mwenye kofia ya sufu.

"Mnakumbuka siku Sogea alikosa bao?" akasema. Wengi waliitikia. "Mechi ya mwisho, watu wanapiga bao huku, yeye anatuambia habari ya kipa wa kule, kipa ambaye hana kazi. Mteja wangu alikuwa nusu kichwa amenyolewa, akatoka nje kutukana." Ukumbi ukacheka. "Mpaka leo nashangaa. Eti kuna kipa mmoja hawezi kuona, alimwandikia barua."

Akinyi aliweka kikombe chini. "Kipa gani?"

"Hakumtaja. Alisema amekatazwa."

"Baba ndiye alimkataza," Akinyi akasema. "Mimi ndiye niliandika. Alisema asitajwe, watu wasimwonee huruma." Akamwuliza kinyozi, "Alisema nini? Nielezee."

Kinyozi alijikuna chini ya kofia. "Mama, hiyo sehemu sikushika. Sisi tulikuwa tunangoja bao."

Niliona Akinyi akirudi nyuma miaka yote ile, hatua kwa hatua, na nilijua atafika wapi. Aligeuka kwenye kiti. Tangu nimjue ameniita Fundi, hata mbele ya wakwe, hata hospitalini akijifungua. "Wafula," akasema. "Redio ilikuwa kwako."

"Ilikuwa kwangu."

"Ilikuwa inangoja spea."

"Haikuwa inangoja spea. Ulikuwa ni waya umeachana tu. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Mtu mmoja nyuma alisema "eish", kwa sauti ya chini. Akinyi hakupepesa macho. "Kwa nini?"

Kuna majibu mengi niliyokuwa nimeyapanga kwa miaka, na yote yaliniacha nikiwa mtu mzuri kidogo. Sikuyapata. "Ulikuwa unamfumbia macho," nikasema. "Mimi hukuwahi kunifumbia."

Nje walikuwa wakigonga mabati kwenye karakana moja, na nilihesabu nyundo mpaka nikapotea. Nilidhani atasimama aondoke, na nilikuwa nimeanza kuwaza nitarudi vipi Kabiro, na kama nitaukuta mlango wazi. Badala yake akauliza, "Wewe uliisikia?"

"Niliisikia."

"Yote?"

"Yote. Ninayo yote."

"Basi sema," akasema. "Sema vile alisema." Akavuta kiti chake hadi magoti yake yakakaribia yangu, akaweka mikono juu ya magoti, akafumba macho.

Nilikuwa nimengoja tangu nikiwa kijana wa kibandani auelekeze uso ule kwangu, umelegea hivyo, midomo imeachana kidogo. Sasa ulikuwa mbele yangu, na nilijua vizuri kwamba ananisikiliza ili amsikie mwingine, na nyuma ya huyo mwingine, babake. Nilimwonea Sogea wivu hata pale. Maneno yalikuwepo, hakuna lililopotea.

"Msikilizaji," nikasema, "sogea hapa karibu nikuonyeshe. Mpira uko mbali kule, tuuache. Nina barua ya kipa wa zamani ambaye macho yake yamezima. Ananiuliza, kipa hufanya nini mpira ukiwa mbali, maana mimi simtaji mpaka apigiwe. Mzee, ni kweli, nimekukosea. Leo nitakuonyesha. Kipa wa upande huu ametoka hatua sita mbele ya mstari. Anaburuta kisigino, anachora katikati ya lango, ili akirudi kinyumenyume ajue alipo. Amegusa mlingoti wa kulia. Sasa wa kushoto. Ametemea glavu mate. Anaongea peke yake, mzee, naona midomo inatembea."

Vidole vya Akinyi viliinuka kidogo kwenye magoti. Nilifika pale ambapo nilikuwa nimekwama miaka yote. Ningeweza kuruka hapo, katika ukumbi ule hakuna mtu angejua. Nilivuta pumzi nikapasema.

"Hakuna anayemwangalia uwanja mzima ila watu watatu. Mimi, na wewe, na huyo binti yako mwenye mwandiko mzuri, ambaye najua amekaa hapo karibu nawe, kwa sababu mtu anayeandika hivi hawezi kukuacha uangalie peke yako."

Machozi yalitoka chini ya kope zake. Nikanyamaza, kwa sababu hapo ndipo kelele zilipopanda redioni siku ile, bao limefungwa upande wa pili na Sogea hakuliona. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia imeishia hapo.

Akinyi hakufungua macho. "Bao wacha," akasema. "Kipa bado amesimama?"

Sogea hakuwa amesema. Nilitazama ile mikono juu ya magoti, inangoja, nikamwambia bado amesimama.